Hesabu ya Kuhama kwa Mwuguzi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mara nyingi sisi wanafunzi huuliza: "Hesabu hizi zitatufaa nini tukitoka shuleni?" Mimi pia niliwahi kuuliza hivyo. Likizo iliyopita nilipata jibu nyumbani kwetu, nami nimeona si vema kukaa nalo peke yangu, kwani huenda jambo lililotupata sisi likampata mwenzangu kesho.

Mama yangu ni mwuguzi katika hospitali moja ya Serikali wilayani Temeke. Nyumbani kwetu ni Chamazi, mbele ya Mbagala, katika nyumba ya kupanga. Siku ya pili ya likizo yangu, mama alipigiwa simu na mwuguzi mwenzake waliyesoma naye chuoni, ambaye yuko Morogoro. Mama huyo alimwuliza kama wangeweza kubadilishana vituo vya kazi: yeye aje Dar es Salaam, na mama yangu aende Morogoro. Mama hakumjibu siku ile. Usiku alinipa daftari na kalamu, akaniambia, "Mwanangu, wewe wasoma hesabu. Nifanyie hii kabla sijamjibu mwenzangu. Watu wote wasema Morogoro maisha ni rahisi. Nataka kujua rahisi hiyo ni shilingi ngapi."

Basi makala hii ni habari ya daftari hilo: nilivyoandika mara ya kwanza, nilivyokosea, na tulivyosahihisha.

1. Mshahara wa kuandikwa na mshahara wa kununua

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili. Katika utumishi wa Serikali, mwuguzi wa ngazi fulani huandikiwa mshahara ule ule akiwa Temeke, Tanga au Kigoma. Ngazi za mshahara ni za nchi nzima. Vivyo hivyo nyongeza zikitolewa. Mathalan, tarehe 1 Mei 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda toka Sh. 370,000/- hadi Sh. 500,000/- kuanzia Julai mwaka ule. Nyongeza hiyo haikuuliza mtumishi anaishi wapi.

Lakini mwenye nyumba huuliza, na mwenye genge pia. Kwa hiyo kila mshahara una sura mbili. Ya kwanza ni mshahara wa kuandikwa, yaani namba iliyo katika karatasi. Ya pili ni mshahara wa kununua, yaani vitu ambavyo namba ile yaweza kuvileta nyumbani. Mwuguzi wa Serikali akihama toka mji mmoja kwenda mwingine, namba ya kwanza haibadiliki, bali ya pili hubadilika.

Sitautaja mshahara wa mama, kwani si adabu. Tuchukue mshahara wa mfano wa Sh. 700,000/- kwa mwezi, kisha tutoe makato. Mfuko wa pensheni wa PSSSF huchukua asilimia 5 ya mshahara, yaani Sh. 35,000/-. Zinabaki Sh. 665,000/-, nazo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, Sh. 270,000/- za kwanza hazitozwi kitu, Sh. 250,000/- zinazofuata hutozwa asilimia 8, yaani Sh. 20,000/-, na Sh. 145,000/- zilizobaki hutozwa asilimia 20, yaani Sh. 29,000/-. Jumla ya kodi ni Sh. 49,000/-. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani Sh. 21,000/-. Mchango wa chama cha wafanyakazi ni asilimia 2, yaani Sh. 14,000/-. Ukijumlisha makato yote utapata Sh. 119,000/-. Basi mwuguzi wetu wa mfano hupokea mkononi Sh. 581,000/-.

Yafaa niongeze neno kuhusu leseni, kwa sababu wengine hudhani kuhama mji ni kuanza upya. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mwuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na leseni yake humruhusu kufanya kazi mahali po pote Tanzania Bara. Anayetoka Temeke kwenda Morogoro hana haja ya kufanya mtihani mwingine. Ama kwa mwuguzi wa hospitali ya mtu binafsi mambo ni tofauti, kwani yeye akihama huacha kazi na kutafuta nyingine, na mshahara wake mpya ni ule atakaopatana na mwajiri mpya. Hesabu yangu haimhusu yeye moja kwa moja.

2. Kwa nini Dar es Salaam ni ghali

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Maana yake, katika miaka kumi waliongezeka watu 1,019,187. Watu hao wote wanataka pa kulala. Ardhi iliyo karibu na kazi haiongezeki, basi bei yake hupanda, na asiyeiweza husogea nje. Ndivyo watu walivyosogea Mbagala, Chamazi na Kongowe kwa upande wa Temeke, na Tegeta, Boko na Bunju kwa upande wa Kinondoni.

Anayesogea nje hupata nyumba ya bei nafuu, lakini kile anachokiokoa kwa mwenye nyumba hukirudisha kidogo kidogo kwa konda wa daladala. Mama hupanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi. Kila gari ni Sh. 600/-, ambayo ndiyo nauli ya safari fupi mjini tangu Desemba 2023. Kwa siku moja ni Sh. 2,400/-. Mbali na nauli, njia humchukua saa moja na nusu kwenda, na saa moja na nusu kurudi, foleni ikiwa ya kawaida. Tena zamu ya jioni humalizika usiku, wakati ambapo magari ya kuingia ndani kwetu yamekuwa machache. Hapo hulazimika kupanda bodaboda kwa Sh. 3,000/-.

3. Miji iliyofikiriwa

Kabla ya kushika kalamu tulizungumza juu ya miji mingine pia, maana mtu asichague mji kwa kuwa amepigiwa simu tu.

Dodoma ilitajwa na baba. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini uhamaji wenyewe ulipata nguvu mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Watumishi wengi walihamia kule kwa muda mfupi, nao walitaka nyumba, basi kodi za nyumba zikapanda. Hapa nilijifunza kwamba mji ulio nafuu leo si lazima uwe nafuu kesho. Wakihamia watu wengi kwa ajili ya unafuu wake, unafuu huo hupungua.

Tanga nayo ilitajwa. Ni mji mtulivu wa pwani, wenye samaki, na machungwa ya Muheza yako karibu. Lakini ni mbali na Dar es Salaam, nasi tunaye baba ambaye kazi yake, kama nitakavyoeleza, hung'ang'ania Keko.

Morogoro ilishinda kwa sababu tatu. Mboga na matunda mengi yanayoliwa Dar es Salaam hutoka katika milima ya Uluguru, na huko mjini hununuliwa kabla hayajapanda lori. Pili, reli mpya ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nauli ya treni ya kawaida ikiwa Sh. 13,000/-, na safari ni chini ya saa mbili. Tatu, bibi yetu anaye mdogo wake anayekaa Kilakala, mjini Morogoro.

4. Daftari la kwanza

Nilimwuliza mama matumizi ya kila kitu, kisha mwenzake wa Morogoro akatuambia bei za kule. Namba hizi ni za nyumbani kwetu, ila nimezikata kidogo ziwe rahisi kujumlisha. Siku za kazi nimezihesabu 22 kwa mwezi.

Chamazi, kwa mwezi:
Kodi ya nyumba, vyumba viwili na sebule: Sh. 150,000/-
Nauli ya mama, pamoja na bodaboda mara 8: Sh. 76,800/-
Nauli ya mdogo wangu wa Kidato cha Pili: Sh. 8,800/-
Chakula: Sh. 260,000/-
Maji, umeme na gesi: Sh. 60,000/-
Bibi kwenda kliniki na mahitaji yake: Sh. 20,000/-
Jumla: Sh. 575,600/-

Morogoro, kwa mwezi:
Kodi ya nyumba kama ile: Sh. 80,000/-
Nauli ya mama, pamoja na bodaboda za karibu mara 8: Sh. 34,400/-
Nauli ya mdogo wangu: hakuna, atatembea
Chakula: Sh. 210,000/-
Maji, umeme na gesi: Sh. 60,000/-
Bibi: Sh. 10,000/-
Jumla: Sh. 394,400/-

Tofauti ni Sh. 181,200/- kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 2,174,400/-. Nilipiga mistari miwili chini ya namba hiyo kwa kalamu nyekundu, kama afanyavyo Mwalimu. Nilifurahi sana. Moyoni nilishaona ada ya chuo cha uuguzi, kwani mimi nami nataka kazi ya mama.

5. Makosa matatu

Baada ya chakula cha usiku nilisoma hesabu yangu mbele ya baba, mama na bibi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Na mimi niko ukurasa gani?"

Hilo ndilo kosa la kwanza. Baba ni seremala. Anayo sehemu yake Keko, mahali ambapo watu wa mji mzima hujua kwamba ndipo pa kununua kitanda na kabati. Wateja wake hawamfuati yeye, huifuata Keko. Akihamisha randa na misumeno yake kwenda Morogoro siku ile ile atakayohama mama, atakuwa seremala mgeni katika mji usiomjua. Mimi nilikuwa nimeandika chakula cha watu wote Morogoro, kana kwamba baba anahama, na wakati huo huo nilikuwa natumaini fedha zake za Keko ziendelee kuja. Mtu hawezi kuwa mahali pawili.

Basi tuliandika upya. Baba akibaki Keko, atahitaji chumba cha Sh. 50,000/- na chakula chake cha Sh. 90,000/-. Chakula cha Morogoro kitapungua kwa Sh. 40,000/-. Akija kututazama mara mbili kwa mwezi kwa treni, kwenda na kurudi ni Sh. 26,000/-, na mara mbili ni Sh. 52,000/-. Ukijumlisha na kutoa, kubaki kwa baba kunagharimu Sh. 152,000/- kwa mwezi.

Kosa la pili lilikuwa la mama mwenyewe. Alisema, "Hukuandika Jumamosi zangu." Mama hufanya kazi ya ziada katika zahanati moja ya mtu binafsi kila Jumamosi asipokuwa zamu, na hulipwa Sh. 20,000/- kwa siku. Kwa Jumamosi nne ni Sh. 80,000/-. Mji mkubwa una zahanati nyingi za namna hiyo. Morogoro huenda akapata, huenda asipate. Kanuni tuliyoifuata ni hii: fedha usiyo na hakika nayo usiiandike katika safu ya mapato.

Sasa tazama. Sh. 152,000/- na Sh. 80,000/- ni Sh. 232,000/-. Toa akiba yangu ya kalamu nyekundu, Sh. 181,200/-. Tunapata Sh. 50,800/-. Yaani, tukihama, hatutabaki na zaidi, bali tutabaki na pungufu ya Sh. 50,800/- kila mwezi kuliko tukikaa Chamazi! Haina maana kwamba tutaingia katika deni. Kwa mshahara wetu wa mfano, Chamazi hubaki Sh. 5,400/- pamoja na Sh. 80,000/- za Jumamosi, jumla Sh. 85,400/-, na Morogoro zitabaki Sh. 34,600/-. Fedha za baba ni zile zile pande zote mbili. Lakini ule "urahisi" wa Morogoro ulikuwa umeyeyuka mbele ya macho yangu.

Kosa la tatu ni gharama zinazokuja mara moja tu. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri wake hulipwa gharama za uhamisho. Anayeomba mwenyewe hujigharamia. Kubadilishana vituo ni kuomba mwenyewe. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh. 480,000/-. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja, Sh. 80,000/-. Gari la kubeba vyombo tuliambiwa Sh. 450,000/-. Jumla ni Sh. 1,010,000/- kabla hata ya kuwasha jiko la kwanza.

Wasomaji wapenzi, hapa sina budi kukiri jambo. Makosa haya hayakutokana na kutojua kujumlisha. Nilijua kwamba baba yuko Keko, na nilijua habari za Jumamosi. Niliyaacha kwa sababu nilitaka jibu liwe "hamieni". Nilikuwa nimeanza na jibu, kisha nikatafuta namba za kulitumikia.

6. Saa nazo zihesabiwe

Nitaeleza kwa nini nilitaka jibu lile. Siku moja ya likizo nilimngoja mama kituoni kwetu, kwa kuwa ilikuwa zamu ya jioni. Gari lilikuja likapita, naye hakushuka. Baada ya muda lilirudi toka mwisho wa njia, naye akashuka akiwa na sare yake, viatu mkononi. Alikuwa amelala kwenye kiti mpaka gari lilipogeuza, na konda ndiye aliyemwamsha. Alicheka, nami nikacheka. Lakini kesho yake alikuwa zamu ya asubuhi, na mtu huyo huyo ndiye atakayepima dawa ya mgonjwa na kuihesabu matone. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuiangalia Chamazi kama zamani.

Nilipomweleza mama hayo, alisema, "Basi yaandike. Nayo ni hesabu." Tukaongeza safu ya tatu katika daftari, safu ya saa.

Chamazi, njia humchukua mama saa 3 kwa siku. Morogoro, kwa maelezo ya mwenzake, itamchukua kama saa 1. Faida ni saa 2 kwa siku, na kwa siku 22 ni saa 44. Jumamosi nne za saa nane nane ni saa 32. Jumla ni saa 76 kwa mwezi. Tukigawa Sh. 50,800/- kwa saa 76 twapata kama Sh. 670/- kwa saa moja. Basi swali letu lilibadilika umbo. Halikuwa tena, "Morogoro ni rahisi kiasi gani?" Lilikuwa, "Je, tuko tayari kununua saa za mama kwa Sh. 670/- kila moja?" Bei hiyo ni zaidi kidogo tu ya nauli ya daladala.

Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yeye anaweza kuja mara moja kwa mwezi badala ya mbili. Hapo pungufu ilishuka kwa Sh. 26,000/-, ikabaki Sh. 24,800/-. Lakini sikuiandika kwa furaha, maana niliona kwamba saa anazozipata mama, nyingine zilikuwa zinatoka kwa baba.

Bibi naye alikuwa na swali lake. "Mama yenu akiwa zamu siku ya kliniki, nani atanishika mkono?" Chamazi humshika mkono jirani yetu mwenye genge, bila malipo, kwa miaka sita sasa. Jirani wa namna hiyo haandikwi katika karatasi ya mshahara, na mtu akihama huanza kumtafuta upya. Tulimpigia simu mdogo wake bibi wa Kilakala, naye akasema aletwe hata kesho. Bibi alifurahi, ila aliomba jambo moja: kwamba yule jirani wa Chamazi aambiwe na yeye mwenyewe, asisikie kwa watu.

7. Yule mwenzake mama

Mimi nilikuwa nikijiuliza: ikiwa Morogoro ina faida hizo za saa na kodi ya nyumba, kwa nini yule mama anataka kutoka? Mama aliponieleza, nilipata somo la mwisho.

Mtoto wake ana ugonjwa wa moyo, naye hutibiwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 hapo Muhimbili. Kila anapoitwa kliniki hubidi aombe ruhusa kazini, alipe nauli ya watu wawili, na pengine alale kwa ndugu. Mtoto akizidiwa usiku, yuko mbali na madaktari wanaomjua. Kwake yeye kodi ya nyumba ya Sh. 80,000/- si nafuu hata kidogo. Nyumba ya Chamazi, pamoja na foleni zake zote, kwake ni karibu.

Basi wauguzi wawili wenye kazi moja na cheti kimoja waliitazama miji ile ile miwili, na kila mmoja akaona mwenzake ndiye anayekaa penye unafuu. Nao wote wawili walikuwa na haki. Bei ya mji haiandikwi mara moja kwa watu wote. Kila nyumba hujiandikia yake, kwa kuangalia nani mgonjwa, nani anafanya kazi wapi, na nani atamshika mzee mkono.

8. Uamuzi

Tulikaa siku tatu na daftari hilo. Siku ya nne mama alimpigia mwenzake, akamwambia kwamba yuko tayari. Lakini waliafikiana mambo mawili. Kwanza, wangojee muhula wa shule umalizike, ili mdogo wangu na watoto wa yule mama wasikatizwe masomo. Pili, kwa kuwa hizo Sh. 1,010,000/- hatukuwa nazo, kila mmoja atamwombea mwenziwe nyumba yake kwa mwenye nyumba. Kama wenye nyumba wakikubali, sisi tutaingia katika nyumba yake na yeye ataingia katika yetu, bila dalali, na gari litakalopeleka vyombo vyetu litarudi na vyombo vyao kwa kugawana malipo. Wazo hilo la gari lilikuwa la baba. Mimi na hesabu zangu zote sikulifikiria.

Maombi yao yamekwisha kupelekwa kwa waajiri wao. Hadi ninapoandika makala hii jibu halijarudi, nasi bado tuko Chamazi. Likizo ijayo sijui kama nitashuka Mbagala au nitapanda treni. Baba amesema atabaki Keko kwa miezi sita, kisha daftari lifunguliwe tena.

Wenzangu, hapana shaka wengi wetu tutakuwa watumishi, na siku moja tutaambiwa kwamba mji fulani ni rahisi. Msikatae, wala msikubali, kabla ya kushika kalamu. Andikeni watu wote wa nyumba, hata yule anayenyamaza. Andikeni saa pamoja na shilingi. Na kabla ya kupiga mistari miwili kwa kalamu nyekundu, someni hesabu yenu kwa sauti mbele ya wale waliomo ndani yake.

Maswali ya kujipima

1. Mwuguzi hupokea mkononi Sh. 581,000/-. Kodi ya nyumba na nauli humchukua Sh. 226,800/- katika mji wa kwanza, na Sh. 114,400/- katika mji wa pili. Je, ni sehemu gani ya mia ya mapato yake inayokwenda katika mambo hayo mawili kwa kila mji?

2. Kama baba angekuja Morogoro kila juma, yaani mara nne kwa mwezi, pungufu ya Sh. 50,800/- ingekuwa kiasi gani?

3. Jirani mwenye genge aliyetajwa hapo juu hakuwa na bei katika daftari. Je, ungemwandika katika safu gani, na kwa nini? (Swali hili halina jibu moja. Lizungumzeni bwenini.)